Aino, Wahida wa Wafini

Akizaliwa mtoto wa kike katika nyumba iliyongoja sana, si ajabu kwetu pwani kusikia siku ya akika kwamba jina lake ni Wahida. Hapana mtu kikaoni ahitajiye kufasiriwa. Wahida ni wa pekee, asiye na wa pili. Farida nalo liko jirani, na wengine hulipenda zaidi kwa kuwa ndani yake mna maana ya kito cha thamani. Majina haya yalikuja na Kiarabu, yakakaa kitako, na sasa ni yetu sawasawa na Mwanajuma na Kibibi.

Wafini nao, watu wa kaskazini kabisa ya Ulaya ambako bahari huganda wakati wa baridi, wana Wahida wao. Wao humwita Aino. Nimekuwa nikilifuatia jina hili kwa muda, na kila nilivyozidi kulisoma niliona lastahili nafasi katika ukurasa huu. Aghalabu jina la mtu ni kama kisima cha zamani: maji twayanywa, aliyekichimba hatumjui. Aino si hivyo. Aliyelichimba ajulikana, kitabu chajulikana, na mwaka wajulikana.

Mchimbaji huyo ni Elias Lönnrot. Alizaliwa 1802 kusini mwa Ufini, mwana wa mshoni maskini, akasoma kwa taabu mpaka akawa tabibu. Mwaka 1833 alipewa kazi ya udaktari katika mji mdogo wa Kajaani, mbali na makao ya wakubwa, lakini moyo wake ulikuwa kwa malenga. Wakati huo Ufini haikuwa dola. Kwa karne nyingi ilikuwa chini ya Uswidi, na tangu 1809 ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Lugha ya ofisi, mahakama na chuo kikuu ilikuwa Kiswidi. Kifini kilikuwa lugha ya wakulima na wavuvi. Lönnrot akachukua karatasi na wino, akaenda kwa miguu, kwa mashua na kwa mbao za kutelezea thelujini, hata akavuka mpaka na kuingia Karelia ya Urusi, akiandika kwa mkono nyimbo alizozipata vinywani mwa wazee. Malenga mmoja, Arhippa Perttunen wa kijiji cha Latvajärvi, alimwimbia 1834 kiasi cha mistari 4,000 kwa siku chache, yote kutoka kichwani. Sisi tuliokulia karibu na watu wanaosoma tenzi kwa ghibu hatuna haja ya kuapiwa kwamba jambo hilo lawezekana.

Nyimbo hizo Lönnrot alizipanga na kuziunga, akatoa kitabu kiitwacho Kalevala mwaka 1835, chenye mistari 12,078. Hakutosheka. Akaendelea kukusanya, na 1849 akatoa Kalevala ya pili, sura 50 na mistari 22,795. Hiyo ya pili ndiyo isomwayo hadi leo, na ndiyo iliyomzaa Aino.

Hapa yanibidi nisimame kidogo kwa ajili ya wapenzi wa ushairi. Mstari wa Kalevala kwa kawaida una mizani nane. Ndiyo, nane, kama kipande cha utenzi wetu! Ila Wafini hawakushika vina mwishoni. Wao huyalinganisha maneno kwa sauti ya mwanzo, neno likianza kwa k jirani yake lianze kwa k. Kisha mstari wa pili hulirudia wazo la kwanza kwa maneno mengine. Waimbaji wa kale walifuatisha na kinanda cha nyuzi kiitwacho kantele. Sitaki kusema kwamba tenzi zetu na nyimbo zao ni mama mmoja, la hasha, maana hazikupata kuonana. Nasema tu kwamba mtu wa Lamu akisomewa Kalevala katika lugha yake yenyewe, sikio lake halitapotea njia.

Mizani hiyo ndiyo iliyolilea jina letu. Katika Kifini cha zamani neno aino lilikuwa na maana ya pekee, mmoja tu. Leo husema ainoa. Waimbaji wa vijijini walipomtaja msichana wa nyumbani waliimba aino tyttö, binti wa pekee, au aino sisko, dada wa pekee. Lilikuwa neno la sifa na la mapenzi, nalo lilifaa kujaza mizani. Msichana mwenyewe katika nyimbo hizo hakuitwa Aino; mara nyingi aliitwa Anni. Lönnrot alipokuwa akiitengeneza Kalevala ya pili alimhitaji msichana huyo awe mtu kamili, mwenye baba, mama, kaka na jina. Akalichukua lile neno la mapenzi, akalitia herufi kubwa mwanzoni, na hapo sifa ikageuka jina. Halikuwako kabla yake.

Jambo jingine lapendeza. Kifini hakitengi uke na uume katika maneno yake. Wao husema hän kwa mume na kwa mke, kama sisi tusemavyo yeye, na Mzungu wa lugha nyingine huwashangaa kama atushangaavyo sisi. Basi Kiarabu kina Wahid kwa mvulana na Wahida kwa msichana, lakini aino la Wafini lilikuwa la wote. Hata mvulana aliimbwa kuwa mwana wa pekee. Lilipata kuwa jina la kike kwa sababu ya kisa kimoja tu, cha msichana mmoja. Na kisa chenyewe ni cha machozi.

Palikuwa na mzee aitwaye Väinämöinen, malenga na mjuzi wa mambo ya siri, ambaye sifa zake zilienea nchi nzima. Kijana mmoja mwenye majivuno, Joukahainen, aliona wivu. Wazazi walimkataza, asisikie, akafunga farasi wake akaenda kumtafuta mzee washindane kwa maarifa na maneno. Alishindwa vibaya. Mzee alikasirika, akaanza kuimba, na kwa nguvu ya wimbo wake kijana akazama matopeni, kwanza mpaka kiunoni, kisha mpaka makwapani. Akaanza kutoa fidia. Akatoa upinde, mzee akakataa. Akatoa mashua, akatoa farasi, dhahabu na mashamba ya baba yake, vyote vikakataliwa. Topeni lilipomfika kinywani ndipo akasema: chukua dada yangu Aino awe mkeo. Mzee akafurahi, akaurudisha wimbo nyuma, kijana akatoka.

Akaenda nyumbani akilia. Mama yake alipopata habari alisugua viganja kwa furaha. Kwa muda mrefu alikuwa akimtamani malenga huyo mkubwa awe mkwewe. Mwenye kulia alikuwa Aino, na mama hakuelewa analilia nini. Alimwambia kwamba jua liwakalo hapo mlangoni kwao huwaka na penginepo.

Siku ya pili yake Aino alikwenda msituni kukata matawi ya ule mti wao wenye gome jeupe, ambayo hutumika katika bafu la mvuke. Alikata fungu la baba, fungu la mama na fungu la kaka. Alipokuwa akirudi akakutana na mzee Väinämöinen, naye akamwambia ushanga na mapambo yake asiyavae kwa ajili ya wengine, ayavae kwa ajili yake. Msichana akayakata mapambo yote mwilini, akayatupa chini, akaenda nyumbani mbio akilia. Kila mmoja alimwuliza, baba, kaka, dada, na kila mmoja akajibiwa kwa sababu ndogo: pete imepotea, ushanga umekatika. Mama peke yake ndiye aliyeambiwa kweli. Na huyo mama, badala ya kuuliza zaidi, alimwambia ale siagi na nyama anawiri, kisha aende ghalani akafungue sanduku lililo bora, avae nguo za thamani, mishipi ya dhahabu na ya fedha, ambayo yeye mwenyewe aliivaa usichanani.

Aino akavaa kama alivyoambiwa. Kisha akatoka, akatembea mabondeni na nyikani mpaka akafika ufuoni mwa bahari. Akavua yale mapambo yote, akaogelea mpaka kwenye mwamba uliokuwa ukimeta majini. Akakaa juu yake, na mwamba ukadidimia naye. Katika maneno yake ya mwisho aliwaambia jamaa zake wasivue samaki hapo wala wasiteke maji hapo, maana maji ni damu yake na samaki ni nyama yake.

Sungura ndiye aliyepeleka habari. Mama alilia machozi yaliyotiririka mpaka yakafanya mito mitatu, na kati ya machozi hayo akawaasa akina mama wote wasiwashurutishe binti zao kwa waume wasiowataka. Lönnrot angeweza kuyatia maneno hayo kinywani mwa mwenye hekima yeyote. Aliyatia kinywani mwa yule yule aliyesugua viganja kwa furaha.

Mzee Väinämöinen naye alilia, akaenda na ndoana yake kumtafuta. Siku moja akavua samaki ambaye hakupata kumwona mfano wake. Alipotoa kisu ampasue, samaki akachupa majini, akatoa kichwa juu ya wimbi, akamwambia: sikuja nikatwe vipande, mimi ni dada yake Joukahainen. Akapiga mbizi, asionekane tena.

Katika nyimbo za vijijini zilizomfaa Lönnrot kisa hiki kilikuwa kifupi na kigumu zaidi. Msichana alikutana na mtu msituni, akaambiwa maneno ya namna ile ile, akarudi akilia, mama akampeleka ghalani kuvaa, na humo ghalani akajinyonga. Lönnrot alikitoa kitanzi akaweka bahari. Pia aliziunga hadithi mbili zilizokuwa mbali mbali: ile ya mashindano ya waimbaji, ambamo kijana humtoa dada yake ili ajiokoe, na hii ya msichana wa ghalani. Kwa kuziunga akapata jambo ambalo kila moja peke yake haikulisema waziwazi, kwamba msichana aliyeitwa wa pekee na watu wake, watu hao hao walimtumia kulipia deni la mwanamume. Wako wasomi wanaomlaumu kwa kuzigusa nyimbo za wazee. Mimi naona hapa aligusa kwa mkono wa mjuzi.

Msomaji wa Kiislamu hawezi kukipita kisa hiki bila kusimama penye idhini. Kwetu jambo hili lina hukumu yake. Mtume (S.A.W.) aliagiza bikira aombwe ruhusa, na akiona haya, kunyamaza kwake ni ruhusa. Ndiyo maana walii na mashahidi huenda ndani kumwuliza mwari kabla ya kadhi kufunga ndoa. Lakini nani asiyejua nyumba ambamo suala hilo huulizwa baada ya wali kwisha kuiva na wageni kuketi? Kunyamaza nako kuna namna zake. Aino hakunyamaza. Alilia mbele ya mama yake, na kilio chake kikafasiriwa kuwa utoto.

Sasa turudi kwenye jina. Kabla ya Kalevala, wasichana wa Kifini walibatizwa majina ya kanisa: Maria, Anna, Katarina, Margareta. Kasisi aliyaandika katika daftari lake kwa sura ya Kiswidi, na nyumbani kila mtu akaita atakavyo. Maria akawa Maija, Katarina akawa Kaisa. Hilo twalifahamu sisi ambao Aisha wetu huitwa Esha na Fatma wetu huitwa Fatuma. Ilipofika nusu ya pili ya karne ya 19, wasomi walioipenda lugha ya Kifini walitaka watoto wao wawe na majina ya Kifini hasa. Wakayatafuta wapi? Katika Kalevala. Kutoka kwa Väinämöinen wakapata Väinö, kutoka kwa mhunzi Ilmarinen wakapata Ilmari, na kwa wasichana wakampata Aino. Basi nyumba moja yaweza kuwa na kaka aitwaye Väinö na dada aitwaye Aino, wakala sahani moja bila ugomvi wowote. Mapenzi ya majina yalikuwa makubwa hivi kwamba mwaka 1906 makumi ya maelfu ya Wafini waliacha hata majina yao ya ukoo ya Kiswidi wakajipa ya Kifini. Ufini ilipata uhuru wake tarehe 6 Desemba 1917, lakini katika majina uhuru ulikuwa umekwisha kuanza.

Miongoni mwa akina Aino wa mwanzo walio mashuhuri ni Aino Järnefelt, aliyezaliwa 1871. Baba yake alikuwa jenerali katika jeshi la mfalme wa Urusi, na hata hivyo alikuwa mtetezi mkali wa Kifini. Binti huyo aliolewa 1892 na Jean Sibelius, mtunzi wa muziki aliye mkubwa kuliko wote nchini mwao. Mwaka 1904 walihamia nyumba yao mpya Järvenpää, na Sibelius akaiita Ainola. Kwa Kifini kiungo -la huonyesha mahali, kama sisi tunavyosema Kwa Jomvu. Kalevala ni kwa Kaleva, Ainola ni kwa Aino. Bibi huyo alilea mabinti, akalima bustani ya mboga iliyowalisha, akavumilia madeni na ulevi wa mumewe, na akaishi miaka 97 mpaka 1969. Watu humtaja Sibelius, lakini nyumba inayozuriwa na wageni kila mwaka ina jina la mkewe. Wako na wengine: Aino Ackté aliyekuwa mwimbaji wa opera, Aino Kallas mwandishi wa hadithi, na Aino Aalto, msanifu wa majengo aliyebuni 1932 bilauri zenye mistari ya duara ambazo zingali zikiuzwa.

Mtu wa mwisho nitakayemtaja alifika nchini kwetu. Huyu ni mchoraji Akseli Gallen-Kallela. Mwenyewe alibatizwa kwa jina la Kiswidi, Axel Gallén, akalibadili 1907. Yeye ndiye aliyewafanya Wafini waione sura ya Aino. Alimchora kwanza akiwa Paris, kisha akamchora upya, na picha hiyo ya pili ya 1891 imo katika jumba la sanaa la Ateneum mjini Helsinki. Ni picha tatu katika fremu moja. Upande mmoja mzee akutana na msichana msituni. Upande mwingine msichana akaa ufuoni akilia. Na katikati, iliyo pana kuliko zote, mzee ameinama kutoka mashuani, ndevu zapepea, na Aino yuateleza mikononi mwake arudi majini. Mwaka 1909 Gallen-Kallela alimchukua mkewe na watoto wake wawili akaja nao Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, kama Kenya ilivyoitwa wakati huo, akaishi sehemu za Nairobi kwa zaidi ya mwaka mmoja akichora watu, wanyama, nyika na Mlima Kenya. Picha zake za huku zapita mia. Mtoto wake wa kwanza hakufika naye. Alikuwa msichana aitwaye Marjatta, naye pia jina lake lilitoka katika Kalevala, akafa 1895 akiwa mdogo.

Nilipomsimulia mzee mmoja mtaani kwetu habari hizi, alitikisa kichwa. Kwetu, alisema, jina la aliyekufa kifo kibaya halipewi mtoto. Jina hufuatwa na nyota yake. Wafini wanampaje mwana jina la msichana aliyezama? Sikumbishia papo hapo, maana hoja yake ina uzito, na wengi huchagua majina kwa kuogopa hilo hilo. Lakini naona Wafini hawakukichagua kifo. Walilichagua lile neno ambalo msichana aliitwa kabla ya kaka yake kuingia matopeni, neno ambalo bibi wa kijijini aliliimba bila kufikiri kwamba ni jina. Mzazi amwitaye binti yake Aino asema kwamba huyu hana badali: si upinde, si mashua, si farasi. Kaka yake Joukahainen alijua vizuri hesabu hiyo, ndiyo sababu alimweka mwisho.

Jina hili lilivuma sana mwanzoni mwa karne ya 20, kisha likachakaa, likawa jina la mabibi vizee. Tangu miaka ya 2000 limerudi kwa nguvu, na vitukuu wa akina Aino wale sasa wako shuleni kwa jina lile lile. Katika kalenda ya Kifini majina mengi yana siku zake. Ya Aino ni tarehe 10 Mei, na mwenye jina hupongezwa. Akitokea mgeni wa kutoka huko mwenye jina hilo, asiitwe kwa mkazo wa Kiswahili unaopenda silabi ya pili kutoka mwisho. Wao hukaza mwanzo: Ái-no, na a na i hutoka kwa pumzi moja.